Je, kodi ni adhabu kwa mchapakazi?

*Swali: Nilianza bila mtaji wala mtu wa kunishika mkono. Nimefanya kazi usiku na mchana kwa miaka mingi, na sasa nina mali. Kila ninapozidi kupata, kiwango cha kodi kinapanda, ilhali waliolala hawalipi kitu. Huku si kumwadhibu mtu kwa bidii yake? Wote wakitozwa kiwango kimoja, haitakuwa haki zaidi?*

Ndugu yangu, lalamiko lako lina umri mrefu na limewahi kuwa na watetezi wazito. Mwaka 1848 John Stuart Mill, mwanafalsafa na mchumi wa Uingereza, aliandika jambo linalokaribia sana maneno yako: kuyatoza mapato makubwa kwa asilimia ya juu kuliko madogo ni kuitoza kodi bidii na uwekevu, ni kumwadhibu mtu kwa sababu amefanya kazi na kuweka akiba kuliko jirani yake. Wengi wanaomnukuu huishia hapo. Mwenyewe hakuishia hapo. Aliendelea kusema kwamba mali ambayo inafaa iwekewe mipaka kwa manufaa ya umma ni ile ambayo mwenye nayo hakuichuma. Alitaka urithi mkubwa ubanwe, na kuhusu wenye ardhi alisema wanatajirika wakiwa usingizini, bila kazi, bila kujihatarisha, bila kujinyima.

Nimemtanguliza kwa sababu nawe umetumia neno hilohilo, "waliolala", ila umelielekeza kwa maskini. Nadhani umewakosea, na nitaeleza kwa nini. Hasira yako ni halali. Imeelekezwa tu kwa mtu asiyehusika.

Kwanza niondoe jambo moja dogo njiani, maana nakutana nalo hata kwa wafanyabiashara wazoefu. Kiwango kinapopanda hakipandi juu ya mapato yote. Tuseme 10,000 za kwanza hazitozwi, 10,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 20, na zinazozidi hapo asilimia 30. Anayepata 20,000 analipa 2,000 na kubaki na 18,000. Akipata 21,000 analipa 2,300 na kubaki na 18,700. Hajarudi nyuma, ile 1,000 ya mwisho tu ndiyo iliyoguswa na asilimia 30. Mtu anayekataa kazi ya ziada kwa kuogopa "kuingia daraja la juu" anajinyima bure. Zipo sehemu ambako ngazi kweli ina shimo, na kwa kuwa una biashara huenda umeliona: kizingiti cha mauzo ambacho ukikivuka unalazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Uingereza, kwa mfano, biashara nyingi hurundikana chini kidogo ya kizingiti hicho, na baadhi hujizuia kukua ili zisikivuke. Huko lawama yako ina mashiko kabisa.

Sasa hao wasiolipa kitu. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Ufaransa mwaka 1954 na leo inatozwa katika nchi zaidi ya 170. Hailipwi kwa fomu wala hati ya makadirio. Imo ndani ya bei. Mtu ambaye mapato yake yote yanaishia kwenye matumizi hutozwa karibu kila anachogusa. Wewe unayeweza kuweka kando nusu ya mapato yako, nusu hiyo haijaguswa na kodi hiyo. Kwa hiyo ukipima kodi zote kwa pamoja, tofauti kati ya sehemu unayotoa wewe na sehemu anayotoa mwenye kipato kidogo ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye jedwali la kodi ya mapato. Maskini asiyelipa kodi ni nadra sana. Aliyepo ni maskini asiyepewa risiti yenye jina lake.

Tuje kwenye kiini. Je, ni bidii inayoleta utajiri?

Anza na hesabu ya kawaida tu. Siku ina saa 24 kwa kila mtu. Anayejituma kupita kiasi atafanya kazi saa 16, asiyejituma sana saa sita au nane. Tofauti yao ni mara mbili, tuseme mara tatu. Lakini tofauti ya mali kati ya watu ni mara mia, mara elfu, hata mara milioni. Hakuna binadamu aliyewahi kufanya kazi mara elfu zaidi ya mwenzake. Basi hata kama bidii ni sehemu ya maelezo, haiwezi kuwa maelezo yote.

Utaniambia kinacholipwa ni thamani ya kazi na si saa. Ni kweli, na hilo ni jibu zuri. Swali linalofuata ni nini kinachofanya kazi iwe na thamani. Dereva wa basi katika nchi tajiri na dereva wa basi katika nchi maskini wanashika usukani uleule, na huyu wa pili mara nyingi anapita kwenye barabara mbovu zaidi kwa saa nyingi zaidi. Malipo yao hayakaribiani. Mchumi Branko Milanovic ameonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za mapato duniani inaelezwa na mambo mawili tu: nchi anamoishi mtu na jinsi mapato yanavyogawanyika ndani ya nchi hiyo. Nusu inayobaki ndiyo inayogawanwa na vitu vingine vyote, yaani bidii, kipaji, familia, jinsia, afya, na bahati tupu. Bidii imo, lakini imebanana na wenzake.

Kuhusu bahati, lipo jaribio moja ninalolipenda kuliko hoja nyingi za kifalsafa. Mwaka 2006 watafiti watatu, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha matokeo ya jaribio la intaneti ambamo watu zaidi ya 14,000 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kupakua walizozipenda. Kundi moja halikuonyeshwa wengine wamechagua nini. Washiriki wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila kundi liliona idadi ya waliopakua ndani ya kundi lake tu. Nyimbo bora kabisa mara chache zilifanya vibaya, na mbovu kabisa mara chache zilifanya vizuri. Zile za katikati zilikwenda popote. Wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 26 kwa wasikilizaji waliojiamulia wenyewe ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Wimbo uleule, jasho lilelile la wasanii walewale.

Huo ndio ufafanuzi wangu wa nafasi ya bidii, na sitaki uudharau. Wimbo mbovu haukushinda. Bidii na ubora hukuweka mahali ambapo bahati inaweza kukufikia, na asiyekuwepo hapo haifikii. Ukijilinganisha na mtu mliyeanza naye pamoja, mkiwa na elimu moja na mtaa mmoja, na wewe ukajituma yeye akazembea, una haki ya kujivunia tofauti iliyopo kati yenu. Tatizo ni pale tunapolichukua somo hilo la watu wawili waliofanana na kulitumia kuwapima watu ambao hawakuanza mahali pamoja kamwe.

Kuna jambo jingine ambalo halihusiani na bahati. Mali ikishakuwepo hujizalia. Milioni 1 ikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka, faida yake ikiachwa humohumo, baada ya miaka 50 inakuwa karibu milioni 11 na nusu. Mwenye nayo anaweza kuwa mchapakazi, anaweza kuwa mgonjwa kitandani, anaweza kuwa mtoto mchanga aliyerithishwa. Jibu la hesabu halibadiliki. Mikono haina hesabu ya namna hiyo. Saa ulizofanya kazi leo hazizai saa nyingine kesho. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na kwa maisha yako ndivyo ilivyokuwa. Ila ukifika humo kivulini utawakuta wengi ambao jua hawajawahi kulikanyaga.

Sasa tazama mfumo wa kodi unavyowatendea watu hawa wawili, wa juani na wa kivulini. Hapa ndipo ningependa hasira yako ihamie.

Anayelipwa mshahara hukatwa kabla hata hajaushika. Uingereza ilianza utaratibu huo kwa upana mwaka 1944, wakati wa vita, na nchi nyingi zikafuata kwa sababu ni rahisi mno: mwajiri anakuwa mkusanya kodi, na mfanyakazi hana la kuficha. Juu yake huwekwa michango ya hifadhi ya jamii, ambayo katika nchi kadhaa ina kikomo, kiasi kwamba mwenye mshahara mkubwa sana huchangia sehemu ndogo zaidi ya mapato yake kuliko karani wake.

Mwenye hisa, majengo au ardhi yuko katika ulimwengu mwingine. Thamani ya mali yake ikipanda maradufu mwaka huu, kwa kawaida hadaiwi kitu mpaka auze. Akiuza, nchi nyingi humtoza kwa kiwango cha chini kuliko cha mshahara. Marekani, kiwango cha juu kabisa cha kodi ya shirikisho kwa mshahara ni asilimia 37. Kwa faida ya mali iliyoshikiliwa zaidi ya mwaka ni asilimia 20, na hata ukiongeza ile asilimia 3.8 ya ziada wanayotozwa wenye mapato makubwa, bado huikaribii 37. Kisha, kwa nini auze? Anaweza kukopa benki kwa dhamana ya hisa zake na kuishi kwa mkopo, na mkopo si mapato, hautozwi. Akifa, sheria ya huko humruhusu mrithi kuhesabu thamani upya kuanzia siku ya kifo, kwa hiyo faida ya miaka yote ya nyuma inafutika machoni pa kodi ya mapato. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Mwaka 2011 tajiri Warren Buffett alitangaza mwenyewe kwamba alilipa asilimia 17.4 ya mapato yake yanayotozwa kodi, na kwamba wafanyakazi wa ofisini kwake walilipa kwa wastani asilimia 36. Hao ndio waliokuwa wakiamka asubuhi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kodi inaadhibu bidii, nitakujibu kwamba katika nchi nyingi inaadhibu, lakini kwa njia tofauti na unayoiona. Wewe unaangalia ngazi ya viwango kutoka chini kwenda juu. Mimi naangalia tofauti kati ya fedha iliyotokana na kazi na fedha iliyotokana na kumiliki. Mwenye kliniki anayetibu mpaka saa nne usiku yuko kwenye kiwango cha juu kabisa. Jirani yake ambaye kiwanja chake kimepanda bei kwa sababu serikali imepitisha barabara karibu, kwa fedha ya kodi ya yule mwenye kliniki, huenda hajatozwa chochote. Mwaka 1879 Henry George wa Marekani alijenga hoja nzima juu ya kisa cha aina hiyo: thamani ya ardhi tupu inaundwa na jamii inayoizunguka, basi jamii ichukue sehemu kubwa ya thamani hiyo na isitoze kazi wala majengo. Sikubaliani naye kwamba kodi hiyo moja ingetosha kuendesha serikali ya leo. Katika uelekeo alikuwa sahihi.

Upande wako una mwanafalsafa hodari zaidi ya Mill, na si haki nimpite. Robert Nozick, mwaka 1974, alidai kwamba kumtoza mtu kodi juu ya kazi yake ni sawa na kumfanyisha kazi ya lazima kwa saa kadhaa. Ukikubali kwamba mapato kabla ya kodi ni yako kikamilifu, hoja yake ni ngumu kuivunja. Mimi siukubali mwanzo wenyewe. Mapato kabla ya kodi hayapo bila mahakama inayolazimisha mikataba, hati inayotambulika ya umiliki, wafanyakazi waliosomeshwa na wengine, na sheria ya kampuni inayosema kwamba kampuni yako ikifilisika, nyumba yako kwa kawaida haiguswi. Hiyo kinga ya kampuni ni zawadi ya sheria, na kubwa. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alifika mahali pa kusema kwamba tukijipendelea sana tunaweza kudai tumechuma wenyewe labda sehemu moja ya tano ya mapato yetu. Sina hakika jambo hilo linapimika kwa namba. Lakini anayesema "yote ni jasho langu" anapaswa kueleza kwa nini jasho hilohilo lingelipa kidogo sana mahali pasipo na vitu hivyo.

Kuhusu viwango kukatisha tamaa, nakupa haki yako bila kunung'unika. Mchumi James Mirrlees, aliyeweka mwaka 1971 msingi wa hesabu za kisasa za kodi ya mapato na baadaye akapata Nobel mwaka 1996, alikiri kwamba alitarajia uchambuzi wake ungetetea viwango vikubwa, na haukufanya hivyo. Miaka 40 baadaye, wachumi Peter Diamond na Emmanuel Saez walitumia mbinu za ukoo huohuo na kupata kwamba kiwango kinachofaa kwa wenye mapato ya juu kabisa ni asilimia 73. Walio makini hutofautiana kwa sababu jibu linategemea watu wanavyobadilika wakitozwa zaidi, na mabadiliko mengi si kupunguza kazi. Ni kubadilisha jina la mapato. Mshahara unageuka gawio, gawio linageuka ongezeko la thamani ya hisa. Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na kiwango cha juu cha asilimia 91, na ni wachache mno waliokilipa, kwa kuwa milango ya pembeni ilikuwa wazi.

Ndiyo maana napendelea viwango vya wastani juu ya kazi na milango michache ya kutokea, kuliko kiwango cha kutisha kinacholipwa na wasio na wahasibu wazuri. Kutoza mali yote kila mwaka si jibu jepesi: mwaka 1990 nchi 12 za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zilikuwa na kodi ya namna hiyo, na kufikia 2017 zilibaki nne. Mali inahama na kujificha, na kuithamini kila mwaka ni ugomvi usioisha. Ardhi haihami, lakini nayo ina mtego wake: mjane mwenye kiwanja cha thamani asiye na fedha mkononi. Dawa ipo, deni lisubiri mpaka kiwanja kiuzwe, na wabunge huisahau mara kwa mara.

Iliyobaki ni kodi ya urithi, na hapa najua nitakugusa. Utasema: nimechuma kwa ajili ya watoto wangu, na fedha hii imeshatozwa. Kama mtoaji, una hoja. Mgeukie mpokeaji. Mwanao akipokea kwa siku moja kiasi ambacho muuguzi hukipata kwa miaka 30, muuguzi kila mwezi amekatwa na mwanao pengine hajakatwa kitu. Kwa kipimo chako mwenyewe, kipimo cha bidii, hakuna mapato ambayo mpokeaji hakuyatolea jasho kuliko haya. Weka msamaha mkubwa wa kutosha ili nyumba ya familia na biashara ndogo vipite salama. Kilichozidi hapo sioni kwa nini kitozwe kwa upole kuliko mshahara. Anayeamini kwa dhati kwamba utajiri ufuate bidii ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kuitetea kodi hii, na huwa nashangaa kumkuta upande wa pili.

Mwisho uliuliza kuhusu kiwango kimoja kwa wote. Hakitishi kama wengine wanavyodai. Kikiambatana na kiasi cha chini kisichotozwa, tayari mzigo unapanda kwa wenye nacho: kiwango kikiwa asilimia 20 na 10,000 za kwanza zikiwa huru, anayepata 12,000 hutoa 400, ambayo ni kama asilimia 3 ya mapato yake, na anayepata 100,000 hutoa 18,000, yaani asilimia 18. Mill mwenyewe alipendelea muundo wa namna hiyo. Estonia ilikichukua mwaka 1994 kwa asilimia 26, na nchi kadhaa za Ulaya Mashariki zikafuata. Urusi iliweka asilimia 13 mwaka 2001, na kuanzia 2021 ikaongeza daraja la asilimia 15 kwa wenye mapato makubwa.

Ila kiwango kimoja hakijibu swali la ni nini kinahesabiwa kuwa mapato. Estonia hiyohiyo, tangu mwaka 2000, haitozi faida ya kampuni mpaka itakapogawiwa kwa wenye hisa, na haina kodi ya urithi. Ina sababu nzuri za kiuchumi kufanya hivyo, uwekezaji ukiwa wa kwanza. Lakini fikiria mwenye kampuni na karani wake wakikutana na kiwango kilekile kwenye fomu: fomu ya karani inaonyesha mshahara wake wote wa mwaka, na ya mwenye kampuni inaonyesha tu kile alichoamua mwenyewe kukitoa.